UZI: Kununua Aldi, Lidl, Penny na Netto hapa Ujerumani bila kupigwa

MchumiWaEssen (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila muhula ukikaribia kuanza, maswali ya wageni ni yaleyale: kwa nini hela inaisha tarehe 15 wakati duka linaitwa la bei nafuu? Naweka hapa ninayoyajua. Wenye ujuzi zaidi wasahihishe na kuongeza.

Anza kwa kuelewa urahisi wa bei unatoka wapi. Aldi ni kifupi cha Albrecht Diskont. Karl na Theo Albrecht waliendeleza duka la mama yao la mjini Essen, lililofunguliwa 1913, wakagawana kampuni mwaka 1961. Ndiyo maana leo kuna Aldi Nord na Aldi Süd, kampuni mbili tofauti. Lidl ya kwanza ilifunguliwa Ludwigshafen 1973. Penny ni ya Rewe, na Netto ile ya nyekundu na njano ni ya Edeka. Wote wanafuata mtindo mmoja: bidhaa chache, mzigo kukaa rafuni ndani ya boksi lake la usafiri, chapa zao wenyewe, wafanyakazi wachache mno. Kila kinachookoa dakika ya mfanyakazi kinapunguza bei. Maana yake kazi ya kutafuta, kupima na kukagua wamekuachia wewe.

Sasa kibandiko cha bei. Namba kubwa katikati ni bei ya pakiti. Achana nayo kwanza. Shuka pembeni au chini kwenye maandishi madogo, utaona 1 kg = au 1 l = kisha namba. Hiyo inaitwa Grundpreis, na ndiyo bei ya kulinganisha. Tangu 28 Mei 2022 sheria inataka iandikwe kwa kilo au kwa lita. Zamani waliruhusiwa kuandika kwa gramu 100, kwa hiyo pakiti mbili kwenye rafu moja zilikuwa zinakuchanganya.

Mfano wa mchele. Kuna boksi la vifuko vinne vya gramu 125 vya kuchemsha humohumo, Kochbeutel. Tuseme ni euro 1.29. Pembeni kuna mfuko wa kilo moja, tuseme euro 1.99. Jicho linakimbilia 1.29. Boksi lile ni nusu kilo tu, kwa hiyo kilo yake ni euro 2.58. Umelipia plastiki yenye matundu.

Angalia pia rafu yenyewe. Zile pakiti za usawa wa macho si lazima ziwe za bei ya chini, inama. Na siku hizi Aldi na Lidl wanauza chapa maarufu pia, zikikaa bega kwa bega na za kwao.

Mpemba_Hamburg

Asante mkuu. Naongezea la bidhaa za kopo, maana hapo wengi wanakosea hesabu.

Kopo la maharagwe mekundu, Kidneybohnen, limeandikwa 400 g. Geuza utafute Abtropfgewicht, uzito baada ya kumwaga maji. Mara nyingi ni gramu 240 hadi 255. Grundpreis ya vitu vilivyo ndani ya maji hupigwa kwa huo uzito bila maji, kwa hiyo usishangae kilo kuonekana ghali. Kopo la senti 79 lenye gramu 240 ni euro 3.29 kwa kilo.

Maharagwe makavu ya nusu kilo, tuseme euro 1.69, yanasoma euro 3.38 kwa kilo. Ukiangalia haraka utasema kopo ni rahisi. Lakini nusu kilo kavu ikiiva inatoa kama kilo moja na robo hivi, kwa hiyo kilo ya maharagwe yaliyoiva inakutoka chini ya euro moja na nusu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemke kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Yale mekundu yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanasumbua tumbo vibaya.

Tatizo ni kwamba maduka haya hayana maharagwe makavu ya kutosha. Dengu, Linsen, utazipata. Kwa maharagwe nenda duka la Waturuki.

BintiKigamboni

Samahani kaka zangu, mimi nataka kuuliza kuhusu unga. Nikisimama mbele ya rafu naona 405, 550, 1050. Upi wa chapati? Na wa ugali je?

Nyanya_Chungu

Dada, ile namba si ubora wala si bei. Ni kiasi cha madini kinachobaki kama majivu unga ukichomwa: Type 405 ni kama miligramu 405 kwa gramu 100 za unga mkavu. Namba ikipanda, maganda ya ngano yamebaki mengi zaidi na rangi inakoza.

405 ni mweupe na laini, wa keki. Chapati zake zinatoka laini lakini zinakatika ukizikunja. 550 ndio wa chapati, maandazi na mkate. Kwa gramu 500 za 550 weka chumvi gramu 10, mafuta vijiko vitatu vya chakula, maji ya vuguvugu mililita 280 hadi 300, kanda dakika kumi, funika nusu saa. Ukiwa na 405 tu, punguza maji kwa mililita 20 hivi, la sivyo unga utanata mezani. 1050 usijaribu peke yake, chapati inakuwa ngumu ikipoa.

Wa ugali hapo ndipo pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni Maisstärke au Speisestärke. Picha ya hindi juu ya boksi, ndani ni wanga mtupu wa kufanya mchuzi uwe mzito. Ukiusonga unapata gundi.

Wa pili ni Polenta ya dakika chache, Minuten-Polenta. Imeshapikwa kwa mvuke kiwandani ikakaushwa, kwa hiyo inanyonya maji papo hapo na kufanya madonge, haishikani. Ukitaka kutumia mahindi ya njano tafuta Maisgrieß ya kawaida, na ujue chembe zake ni kubwa.

Wa tatu ni kudhani Grieß zote, yaani nafaka iliyosagwa ikabaki chembe chembe, ni sawa. Hartweizengrieß ni ya njano na chembe ngumu, inabaki kama mchanga mdomoni. Weichweizengrieß ni nyeupe, na ndiyo watu wengi wanaisongea ugali hapa. Maji nusu lita yachemke, mimina gramu 220 hadi 250 kidogo kidogo huku unakoroga, halafu ngoja dakika mbili au tatu kabla ya kuongeza. Grieß inavimba polepole. Ukiongeza haraka utajikuta na jiwe. Unga mweupe wa mahindi wenyewe uko maduka ya Waafrika, na bei yake kwa kilo ni juu sana kuliko Grieß.

Mkenya_Leipzig

Hiyo ya Grieß ni kweli kabisa. Kwa upande wa mboga, sukuma wiki wanaita Grünkohl, na ni ya msimu wa baridi. Usinunue ile ya chupa au kopo, hiyo imeshapikwa ikalegea, chukua mbichi au ya friza. Nje ya msimu, chukua Spitzkohl, kabeji iliyochongoka. Ni tamu na inaiva haraka kuliko Weißkohl, kabeji ya kawaida.

Spinachi ya friza soma jina lote. Blattspinat ni majani matupu, hiyo ndiyo ya mchicha. Rahmspinat imetiwa krimu. Ukiiunga na nyanya na kitunguu inakatika.

Maziwa ya mgando, tafuta Dickmilch. Ndiyo iko karibu zaidi na mala ya nyumbani. Buttermilch ni nyepesi zaidi. Na Kokosmilch, geuza kopo usome asilimia ya nazi. Makopo mawili ya mililita 400 yanaweza kufanana kabisa, moja likawa na nazi asilimia 60 na zaidi, lingine likawa nusu ya hiyo na maji mengi. Hapa hata Grundpreis haitakusaidia, lazima usome viambato.

Milchreis nayo ni mchele wa punje za mviringo wa kupikia uji wa maziwa. Pilau yake inakuwa bokoboko. Chukua Basmati au Langkorn, wa punje ndefu.

UstadhKwaMtogole

Assalaam alaykum. Niongeze la nyama, kwa Waislamu na kwa yeyote asiyekula nguruwe, kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho.

Nyama ya kusaga iliyoandikwa Hackfleisch gemischt ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Ya ng'ombe pekee imeandikwa Rinderhackfleisch. Pakiti zinafanana na zinalala friji moja, zimegusana.

Soseji ya kuku, Geflügelwurst, si lazima iwe ya kuku mtupu. Nyingine zina Schweinespeck, mafuta ya nguruwe, ndani ya viambato. Maneno ya kukariri: Schwein, Speck, Schinken, Schmalz. Salami ikiandikwa salami tu, ichukulie ni nguruwe mpaka maandishi yaseme vinginevyo. Gelatine iko kwenye pipi za kutafuna na baadhi ya mitindi na vitamutamu vya kikombe. Wasipotaja mnyama, mara nyingi ni nguruwe.

Kuku wa Aldi na Lidl kwa kawaida hana alama ya halali. Kwa hilo nenda bucha la Waturuki au Waarabu.

MchumiWaEssen

Shukrani Ustadh, hilo la Hackfleisch ni muhimu sana. Nakuja kwenye Pfand sasa, ile amana ya chupa unayorudishiwa ukirudisha chupa tupu.

Bei ya kinywaji rafuni haina Pfand ndani yake. Imeandikwa zzgl. Pfand kwa herufi ndogo. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ni senti 25 kila moja. Kifurushi cha chupa sita za maji kinaongeza euro 1.50 kaunta. Mgeni anaona risiti anadhani kaibiwa. Mfumo huo ulianza 1 Januari 2003, ukapanuliwa 2022 hadi chupa za plastiki za juisi, na tangu 1 Januari 2024 chupa za plastiki za maziwa nazo zimo. Boksi la karatasi la juisi au maziwa halina Pfand, wala chupa ya kawaida ya glasi ya mvinyo.

Chupa za kurudiwa kujazwa, Mehrweg, ni hesabu nyingine: chupa ya kawaida ya bia senti 8, chupa nyingine nyingi senti 15, kreti tupu euro 1.50. Kreti ya bia yenye chupa 20 ina Pfand ya euro 3.10 jumla.

Kipara_NRW

Hapo kwenye mashine ya chupa naomba nichangie, maana watu wanatupa hela yao.

Chupa iingie kitako mbele, ikiwa tupu, na kizibo kibaki. Usiiponde. Mashine inasoma barkodi na ile alama ya Pfand yenye chupa, kopo na mshale. Lebo ikichanika au chupa ikikunjamana mashine inairudisha. Inyooshe kwa mkono, ipulizie ndani ijae umbo, ujaribu tena. Ikikataa na alama bado inasomeka, bonyeza kengele au ipeleke kaunta. Wanapaswa kuipokea hata ikiwa imebonyea, mradi alama ya Pfand inaonekana.

Chupa ya plastiki ya Lidl unaweza kuirudisha Aldi na kinyume chake. Duka kubwa kuliko mita za mraba 200 linalouza vinywaji vya aina hiyo ya chombo linapokea vyombo vya aina hiyo bila kujali vilinunuliwa wapi. Kwa Mehrweg si hivyo, duka linapokea zile linazouza tu, na mashine nyingi za Aldi hazitaki chupa za bia za glasi. Hizo peleka duka la vinywaji, Getränkemarkt.

Mwisho bonyeza kitufe upate karatasi. Karatasi hiyo itumie duka hilohilo. Mpe keshia kabla hajafunga hesabu, au akupe pesa taslimu mkononi kama hununui kitu.

BintiKigamboni

Asante sana. Kaunta ndiyo inayonitia jasho. Wanapitisha vitu haraka mpaka nachanganyikiwa, na watu wamejipanga nyuma.

Kipara_NRW

Dada, usishindane nao. Keshia wa Aldi amekaa, na bidhaa za Aldi zimechapwa barkodi kubwa pande kadhaa makusudi, asihangaike kugeuza pakiti. Mfuko wako hautamfikia kamwe.

Fanya hivi. Mkandani tanguliza vizito na vigumu: makopo, unga, chupa. Chupa zilaze kwa urefu kufuata mkanda, zisibingirike. Mboga na matunda katikati. Mayai na mkate mwisho kabisa. Weka kijiti cha kutenganisha nyuma ya vitu vyako. Halafu vuta toroli tupu ulisogeze mbele, liguse ukingo wa kaunta. Kila kinachopita kwa keshia kinaingia moja kwa moja torolini. Vizito vimetangulia chini, mayai yametua juu. Lipa, ondoka, na ukapange mifukoni kwenye ile meza ndefu karibu na dirisha. Hakuna atakayekukasirikia.

Toroli linataka sarafu ya senti 50, euro 1 au 2, au kile kidude cha plastiki. Mfuko uje nao. Mifuko ya plastiki ya kawaida kaunta imepigwa marufuku tangu 1 Januari 2022. Zile nyepesi za mboga bado zipo.

Kama kitu kina kibandiko cha punguzo, kawaida asilimia 30, keshia anatakiwa kukipiga hicho kibandiko, siyo barkodi ya kawaida. Kiweke kitazame juu na mtajie. Hili ndilo kosa la mara kwa mara la kaunta. Na Lidl, kuponi ya Lidl Plus, app yao ya simu, lazima uiwashe kwenye simu kabla ya kufika kaunta. Bila hivyo unalipa bei ya kawaida hata kama umeonyesha msimbo.

Mpemba_Hamburg

Na hapo kwenye vibandiko vya punguzo, tofautisheni tarehe mbili. Mindestens haltbar bis ni ahadi ya ubora: mtindi, jibini, tambi, mayai mara nyingi vinaendelea vizuri baada ya hapo, onja na unuse. Zu verbrauchen bis ni ya nyama ya kusaga, kuku mbichi na samaki. Hiyo ikipita, tupa. Nyama yenye punguzo ipike siku hiyohiyo au iingie friza siku hiyohiyo.

Nyanya_Chungu

Mtu akitaka kuku mwenye ladha ya kuku wa kienyeji, aingie friza la Lidl au Aldi atafute Suppenhuhn, siyo Hähnchen, kuku mchanga. Suppenhuhn ni kuku mzee aliyemaliza kutaga, mgumu, mwenye mafuta ya njano. Ukimkaanga hatafuniki. Mchemshe moto mdogo saa mbili, au dakika 45 kwenye presha, na tangawizi na chumvi, ndipo umuunge na nazi. Supu yake ni nzito kweli.

Kuhusu mayai: tarakimu ya kwanza kwenye muhuri wa yai ni namna kuku alivyofugwa. 0 ni ya kilimo hai, 1 anatoka nje, 2 yuko ndani ya banda huru. Ukubwa M ni gramu 53 hadi 63, L ni 63 hadi 73. Mapishi mengi ya kijerumani yanahesabu M.

Mgeni_2

Je, ni kweli maziwa ya Aldi na ya chapa kubwa yanatoka kiwanda kimoja?

MchumiWaEssen

Mara nyingine ndiyo, na unaweza kuchunguza mwenyewe. Kila bidhaa ya maziwa au nyama ina muhuri wa duara bapa. Juu DE, katikati herufi za jimbo na namba, chini EG. Kwa mfano BY ni Bayern. Chukua Milsani ya Aldi au Milbona ya Lidl, uweke kando ya chapa ghali. Namba zikilingana, kiwanda kilichokamilisha ni kimoja. Haithibitishi kwamba mchanganyiko ni uleule, kwa hiyo malizia kwa kulinganisha viambato na asilimia za mafuta. Vikilingana navyo, ninavyoona mimi hakuna sababu ya kulipa zaidi.

Kagua pia uzito wa pakiti mara kwa mara. Watengenezaji hupunguza gramu bila kugusa ukubwa wa pakiti. Shirika la walaji la Hamburg, Verbraucherzentrale, linatunza orodha ya pakiti za namna hiyo.

Mkenya_Leipzig

Watu wasisahau Jumapili. Maduka yamefungwa, na sikukuu za umma pia, na sikukuu zinatofautiana jimbo kwa jimbo. Bayern wanafunga saa mbili usiku. Tarehe 24 Desemba ni saa nane mchana. Ukikwama kabisa, duka la stesheni kuu ya treni huwa wazi, ila bei yake itakuumiza. Ofa mpya kwa kawaida zinaanza Jumatatu na Alhamisi, na zile za vifaa za katikati ya duka zikiisha hazirudi.

BintiKigamboni

Swali la mwisho. Nikinunua kifaa cha umeme pale katikati, blenda kwa mfano, na kikaharibika baada ya miezi minane?

Kipara_NRW

Kirudishe dukani. Kisheria muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa miaka miwili, na kwa mali iliyouzwa tangu 1 Januari 2022, ndani ya mwaka mmoja wa kwanza ni yeye wa kuthibitisha kwamba kilikuwa kizima ulipokinunua. Wakikuambia andikia kiwanda, waambie neno Gewährleistung. Hiyo ni ya duka, si ya kiwanda.

Ila utahitaji ushahidi wa kununua, na risiti hizi ni karatasi ya joto. Ukiiacha ndani ya gari au karibu na jiko, miezi minane ni karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, tarehe na jumla vionekane, kisha itie ndani ya boksi la blenda.